Mwalimu Germana na Maswali ya Darasa la Sita

Jumatatu ile Mwalimu Germana aliingia darasani, tukasimama, tukamwamkia, akaitikia. Kisha, badala ya kwenda ubaoni, akapita katikati ya madawati hadi nyuma kabisa na kuketi kwenye dawati la mwisho pamoja na wavulana wawili. Tukangoja. Alikuwa amerudi kutoka semina siku mbili tu nyuma, tukadhani labda bado ana uchovu wa safari. Baada ya muda mmoja wetu akaona si adabu kumpa mwalimu mgongo, akainuka na kuligeuza dawati lake. Sisi wengine tukamfuata. Vumbi lilipotulia darasa zima lilikuwa limemwelekea yeye tena, ubao uko nyuma yetu, na wale wavulana wawili wamesimama ukutani kwa kuwa hawakujua wakae upande gani.

"Geukeni mbele," alisema.

Hatukuelewa mbele ni wapi. Nusu ya darasa iligeuka, nusu ikabaki. Mwalimu Germana akaufunika uso kwa daftari lake, nasi hatukujua kama anacheka au vipi. Kipindi kile cha Jiografia kiliisha bila neno moja kuandikwa ubaoni.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1982. Shule yetu ilikuwa ndogo, madarasa manne ya matofali mabichi kwenye mteremko wa upande wa Endulen, ndani ya hifadhi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kengele ilisikika kabla shule haijaonekana. Tulikuja kwa makundi kwa sababu ya nyati. Mimi, Nanyokie, nilikuwa na miaka kumi na minne, na wengi darasani walikuwa wakubwa kuliko mimi, maana kwetu watu walianza shule walipoachiwa na ng'ombe.

Mwalimu Germana hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa Baray, upande wa chini kuelekea Ziwa Eyasi, kwa Wairaqw wakulima, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito fulani wa kooni ambao tuliuiga akiwa mbali. Baba yake alimpeleka kwa masista, akasoma hadi darasa la nane katika zile shule za kati za zamani. Alitusimulia kwamba huko mwalimu alisema na wao wakarudia, siku nzima, mpaka sauti zikakauka. Alijua kwa kichwa majina ya mito ya nchi ambazo hakuwahi kuziona. Naye alipokuwa mwalimu alifanya vilevile. Alisema, tukarudia. Aliandika, tukanakili. Fimbo ya mwolorieni, mti mgumu wa kwetu, ililala juu ya meza yake, na aliitumia bila hasira, kama mtu anayetumia kifutio. Tulimpenda. Tulijua kwake kosa ni lipi na haki ni ipi.

Huko semina, katika chuo cha ualimu alikopelekwa kwa wiki mbili, mkufunzi aliwaambia jambo lililomvuruga. Aliwaambia kwamba mwalimu Mtanzania anazungumza mno. Mtoto anakuja shuleni na ujuzi wake, mwalimu anaufuta na kuandika wa kwake. Sasa mambo yageuke, mwanafunzi awe katikati ya somo, mwalimu awe pembeni. Germana aliyaandika yote. Miaka baadaye alinionyesha daftari lile, na pale penye maneno "mwanafunzi awe katikati" alikuwa amechora alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Aliporudi alimweleza mwalimu mkuu wetu, Melkizedek, mzee wa Machame mwenye koti moja la kijivu alilolivaa mwaka mzima. Melkizedek alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Katikati ya nini?"

Germana akasema, katikati ya somo.

"Na somo liko wapi?"

Melkizedek hakuwa mkali. Alimwambia ajaribu, lakini azimio la kazi lifuatwe, kwa sababu mtihani wa darasa la saba hautamuuliza mtoto anajua nini, utamuuliza kilichomo kitabuni.

Basi akajaribu. Alituambia tupange madawati kwa duara. Tulipomaliza, tukabaki tunaitazama ile nafasi tupu ya katikati, na Lomayani, mvulana mpole kuliko wote, akauliza kwa sauti ndogo ni nani atakayekwenda kukaa pale. Hakuwa anatania. Siku nyingine aligawa darasa katika vikundi, akatuambia tujadili namna maji yanavyopatikana. Vikundi vilikaa kimya kabisa, kila kimoja kikimtazama yeye.

Kosa halikuwa lake peke yake. Kwetu mtoto hazungumzi mbele ya mkubwa hadi aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa ufupi, kichwa kimeinama. Msichana mwenye maneno mengi huonekana hana mama. Sasa mtu tuliyemheshimu kuliko wote alikuwa anatuomba tuwe na maneno mengi. Wengine walidhani anatutega ili ajue nani hana adabu. Wengine walisema ameadhibiwa huko alikokwenda, amenyang'anywa ubao. Fimbo ilikuwa haipo mezani tena, na hilo lilitutisha zaidi, maana hatukujua imewekwa wapi na itarudi lini.

Wiki ya tatu alisimama mbele yetu, mikono imeshikana, akauliza tunataka kujifunza nini. Alingoja sana. Nje mbuzi walilia, na kutoka darasa la tano zilisikika sauti za wenzetu wakirudia majina ya mikoa. Hatimaye Nareyu, aliyekaa nami dawati moja, akasimama.

"Mwalimu," alisema, "tuambie unachotaka tuseme. Tutasema."

Hakukusudia ubaya. Lilikuwa ombi la kweli, na sote tulifurahi kwamba mtu amelitoa. Mwalimu Germana alimwambia akae, akatoka nje, akasimama karibu na pipa la maji hadi kengele ilipolia.

Nareyu nimweleze kidogo. Alikuwa binti wa Mzee Moloimet, mwenye boma kubwa mwendo wa saa mbili kutoka shuleni. Alikuwa mrefu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote darasani, herufi ya g ikiwa na mkia mrefu uliojikunja kama pembe ya kondoo. Mimi nilichelewa kujua kuandika, naye ndiye aliyenishika mkono tukiwa darasa la pili. Kwa hiyo mwandiko wangu ni wake. Hata leo g yangu ina mkia ule.

Baada ya siku ile ya pipa la maji, mwalimu alikuja na njia nyingine. Alikata karatasi ndogo ndogo kutoka kwenye madaftari ya zamani, akampa kila mmoja moja, akaweka kopo la maziwa juu ya meza. Akasema tuandike swali lolote, tusiandike jina, tutumbukize. Hatauliza nani ameandika nini. Aliahidi mara mbili.

Njia hiyo ilifanya kazi. Mkono unaweza kusema kile ambacho mdomo unaona aibu kukisema. Tulikuwa wanafunzi thelathini na nane, akapata karatasi thelathini na tano. Jioni ileile, jua likiwa bado juu, tulimwona amekaa kizingitini pa nyumba yake akizisoma moja moja, akizipanga juu ya khanga. Maswali mengine aliyakumbuka kwa miaka mingi. Kwa nini ziwa la ndani ya kreta halina mto wa kutokea, na mbona halijai? Je, Mwalimu ana watoto? Ng'ombe hubeba mimba siku ngapi, na mtu naye? Mzungu anayepiga picha anaipeleka wapi? Kwa nini kuna kipindi cha Kilimo na kulima kumekatazwa?

Lile la mwisho alilirudisha ndani ya kopo. Tangu mwaka 1975 kulima ndani ya hifadhi kulikuwa ni marufuku. Shule yetu haikuwa na shamba, ingawa kila shule nchini ilitakiwa kuwa nalo, na katika kipindi cha Kilimo tulichora jembe. Hakuna mwalimu aliyependa kulizungumzia jambo hilo.

Swali la mimba ya ng'ombe lilitupa siku moja nzuri. Kila mtu alikuwa na ng'ombe anayemjua, kila mtu alijua alipandwa msimu gani na akazaa lini, na kabla ya kengele tulikuwa tunajumlisha na kugawanya, tunabishana, tunapiga kelele hadi Melkizedek akaja mlangoni. Germana alikuwa amechuchumaa sakafuni kati yetu, chaki mkononi, akiandika hesabu chini. Mwalimu mkuu aliuliza hili ni somo gani. Germana alinisimulia baadaye kwamba alifikiri sana kabla ya kujibu Hisabati, na usiku hakulala vizuri, kwa sababu alilitafuta somo lile katika azimio la kazi na hakuliona popote.

Lakini karatasi moja hakuisoma darasani. Iliandikwa hivi: "Ng'ombe wa watu wamekuja kwetu. Baba hayupo. Mama analia. Nifanye nini."

Mwalimu Germana aliisoma mara nyingi. Kwao Baray, kama kwetu, ng'ombe wa watu wakija nyumbani penye msichana mkubwa, na mama akalia, maana yake ni moja. Alikwisha kuona madawati yakibaki matupu baada ya likizo. Akautazama mwandiko. Akaiona herufi ya g.

Alikaa nayo siku tatu. Alikuwa ameahidi kutouliza, kwa hiyo hakuuliza. Alimtazama Nareyu darasani na kila alichokiona kilimthibitishia: Nareyu yuko kimya, Nareyu anatazama nje, Nareyu hakula uji. Nareyu siku zote alikuwa hivyo. Ijumaa alimpelekea Melkizedek ile karatasi. Mzee aliisoma, akairudisha. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe katika miaka ishirini na sita ya ualimu hajawahi kupokea swali la namna hiyo, kwa sababu hajawahi kuliomba. "Wewe umeliomba," alisema. "Sasa sijui kama unaweza kulirudisha."

Jumamosi asubuhi akafuatana na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka hospitali, akaenda kwa Mzee Moloimet.

Yaliyotokea huko alinieleza yeye, na Nareyu naye alinieleza kwa upande wake, wala hawatofautiani. Mzee Moloimet alikuwa nje ya boma akikagua ndama. Alimwamkia mgeni vizuri, "Takwenya," naye akaitikia "Iko" kama alivyojifunza kwetu. Akaletewa kigoda na chai ya maziwa. Akazungumza kwanza habari za mvua, halafu za shule, halafu akasema kwamba amesikia ng'ombe wameletwa, na kwamba anaomba mtoto aachwe amalize.

"Ng'ombe gani?" mzee aliuliza.

"Walioletwa kwa ajili ya Nareyu."

Mzee Moloimet aliweka kikombe chini. Alilitazama zizi lake, kama mtu anayehesabu upya.

"Mwalimu," alisema, "mimi ndiye baba yake. Hawa ng'ombe wameletwa kwa nani, ikiwa si kwangu?"

Germana akachanganyikiwa. Akasema mtoto mwenyewe ameandika. Mzee akaomba kuiona hiyo karatasi, akampa kijana wake mkubwa amsomee. Hapo palipoandikwa baba hayupo, uso wake ukabadilika. Alikuwa amesafiri wiki moja mwezi uliopita kwenda Loliondo kumwona ndugu yake. Alimwita mkewe, akamuuliza kwa Kimaasai ni nani aliyekuja na ng'ombe yeye akiwa safarini. Mama akasema hakuna. Nareyu aliitwa, akasema si yeye aliyeandika, na hilo ndilo lililomponza, kwa sababu mwandiko ulionekana kuwa wake hata kwa kaka yake. Mwalimu Germana aliondoka pale akijua ameharibu kitu, asijue ni kitu gani.

Jumatatu Nareyu hakuja shule. Jumanne pia hakuja.

Karatasi ile niliiandika mimi.

Mama yangu alikuwa na shamba. Lilikuwa dogo, bondeni, limezungushiwa miiba ili lisionekane kutoka njiani, na kila mtu aliyeishi karibu alijua liko pale na hakuna aliyelitaja. Mwaka ule mahindi yalikwisha kutoa mbelewele. Baba alikuwa mbali na mifugo. Ng'ombe wa jirani waliruka miiba mchana mmoja, na tulipofika kulikuwa na mabua tu yamelala. Mtu akiliwa shamba huenda kwa wazee, jirani akalipa. Sisi tungesema nini? Kusema tumeliwa mahindi kulikuwa kukiri kwamba tunalima. Mama alikaa chini akalia bila sauti. Mimi nilipopewa karatasi ya swali nilitaka kuuliza hilo, lakini neno "shamba" liliniogopesha, nikaliruka. Niliona maneno yaliyobaki yanatosha.

Niliposikia kwamba mwalimu amekwenda kwa kina Nareyu, sikuunganisha. Nilipounganisha, sikuweza kufungua mdomo. Nilikaa peke yangu kwenye dawati letu siku nne, nikijiambia kesho Nareyu atakuja.

Hakuja, na jambo jingine likazaliwa. Habari zilitembea kwenye visima kwamba ng'ombe wamepelekwa kwa Moloimet. Mtu mmoja aitwaye Ngoyai, mwenye wake wawili na mifugo mingi, alikuwa amemwona Nareyu na kudhani bado ni mapema. Aliposikia wengine wametangulia, alichukua asali na tumbaku akaenda kuzungumza. Kwa hiyo kufikia Alhamisi, lile jambo ambalo halikuwepo Mwalimu Germana alipokwenda kulizuia, sasa lilikuwepo.

Ijumaa wakati wa mapumziko nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilisimama mlangoni, nikainamisha kichwa ili anishike, kama mtoto wa kwetu anavyomwamkia mkubwa, akanishika, nikabaki nimeinama. Nilimwambia kwamba karatasi ni yangu, kwamba ng'ombe walikuwa ng'ombe tu, na walikula mahindi.

Hakunipiga. Aliuweka ungo chini polepole.

"Kwa nini hukuandika kwamba ni shambani?"

"Niliogopa neno, Mwalimu."

Nikaona maharagwe machache yamedondoka, nikayaokota, nikamrudishia. Kisha nikamuuliza kile nilichokuja nacho tangu mwanzo, maana mama alikuwa bado analia na hakuna aliyenijibu. Nilimuuliza tufanye nini kuhusu mahindi.

Mwalimu Germana alikuwa mtumishi wa serikali. Nilikuwa nimemwambia jambo ambalo pengine alipaswa kuliripoti. Aliniangalia kwa namna ambayo mkubwa hakuwahi kuniangalia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na kitabu cha majibu.

"Sijui, Nanyokie," alisema.

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Niliogopa zaidi kuliko siku zote za fimbo. Nilirudi darasani nikiwa nimepungukiwa kitu na nimeongezewa kitu, na hadi leo siwezi kusema ni kipi kilikuwa kizito zaidi. Wiki iliyofuata alikuja kwetu na debe la mahindi kutoka kwao Baray, akamkabidhi mama na kusema ni zawadi, hakusema ya nini. Mama hakuuliza.

Lakini kwanza alirudi kwa Mzee Moloimet, Jumapili ileile, na safari hii alinichukua pamoja naye, akisema anahitaji mtu wa kumwonyesha njia. Njia aliijua. Nadhani hakutaka kwenda peke yake.

Mzee hakuleta kigoda haraka. Germana alisimama, akaomba radhi. Alisema karatasi haikuwa ya Nareyu, alisoma vibaya, kosa ni lake. Mzee akauliza ni ya nani basi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake.

"Niliahidi kutosema," alijibu.

"Uliwaahidi watoto?"

"Niliwaahidi watoto."

Mzee Moloimet alisema yeye hakuenda shule na labda ndiyo sababu haelewi, lakini zamani mwalimu alikuwa anajua na mtoto hajui, na mzazi alijua anampeleka mtoto kwa nani. Sasa anasikia kwamba mwalimu anawauliza watoto. Je, ni kweli? Germana akasema ni kweli, wameagizwa hivyo. Akajaribu kueleza yale ya semina, ya mtoto kuwa na ujuzi wake, na nilimsikia akijikwaa, akianza sentensi na kuiacha. Mwisho alisema kwamba hata yeye bado hajaelewa vizuri.

"Basi tumuulize na huyu," mzee alisema.

Akamwita Nareyu, akamsimamisha mbele yetu. Akamwambia kwamba Ngoyai amekuja kuzungumza, na mwalimu naye amekuja kuzungumza, na kwa kuwa siku hizi watoto wanaulizwa, aseme yeye anataka nini. Sijui kama alisema kwa kejeli. Hata Nareyu alisema baadaye kwamba hakujua.

Nareyu alitazama chini. Mamake alisimama mlangoni mwa nyumba, kibuyu mkononi.

"Nataka kumaliza la saba," alisema. "Baada ya hapo sijui."

Mzee akamgeukia Mwalimu Germana kana kwamba yeye ndiye angeweza kukamilisha jibu. Mzee akatikisa kichwa, akasema hata yeye baada ya hapo hajui, na akatuma kigoda kiletwe.

Ngoyai aliambiwa angoje hadi mtihani. Hakungoja, alioa upande wa Nainokanoka kabla ya mwaka kuisha. Nareyu alirudi Jumatatu, akaketi pembeni yangu, akanisukuma kidogo kwa kiwiko kama kawaida. Nilimweleza ukweli miezi mitatu baadaye. Alinyamaza siku moja nzima, halafu akaniazima kalamu yake.

Kuanzia hapo Mwalimu Germana alifundisha kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuipa jina. Asubuhi alisimama ubaoni na sisi tukarudia. Mchana wa Alhamisi aliketi popote palipokuwa na nafasi na kutuacha tuulize, na kwa kuwa tulikwisha kumzoea, tuliuliza. Mara nyingi alisema hajui. Mara nyingine alituambia twende tukaulize nyumbani na kurudi na jibu, na majibu yalikuja matatu yanayopingana, naye akayaandika yote matatu. Fimbo ilirudi mezani mwezi wa saba, siku ambayo wavulana walipigana. Haikutumika, ila ilikaa pale. Mkaguzi alipokuja aliandika kwamba darasa lina uchangamfu na halina utaratibu. Melkizedek alimsomea Germana maneno hayo mara mbili, wakajaribu kuamua kama wamesifiwa.

Mtihani wa 1983 tulifanya thelathini na wanne. Tulichaguliwa wawili kwenda sekondari, Lomayani na mimi. Jina la Nareyu halikuwepo, ingawa yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu. Mwalimu Germana aliisoma orodha akitumia kidole, akafika chini, akaanza tena juu. Alimwendea Nareyu kumwambia mwenyewe. Sikuwepo, na wote wawili hawakunieleza walichozungumza.

Mwaka 1985 alihamishiwa shule moja karibu na Karatu. Nilimkuta huko 1988, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na ninangoja kwenda chuo cha uuguzi. Alikuwa ameongezeka mwili, amevaa miwani, anafundisha darasa la watoto sabini. Alifurahi kuniona, akanipikia ugali na mlenda. Alisema anatakiwa kwenda Mang'ola wiki ijayo kuwafundisha walimu wapya kwa siku mbili namna ya kumshirikisha mwanafunzi, kwa kuwa ofisi ya elimu imesikia ana uzoefu. Alinionyesha ukurasa alioanza kuuandika. Ulikuwa na kichwa cha habari na tarehe tu.

Aliniuliza, kwa kuwa nilikuwepo, kama alitufundisha vizuri. Nilimwambia kweli, kwamba nilipofika sekondari mimi peke yangu ndiye niliyenyoosha mkono kuuliza, na mara ya kwanza nilifukuzwa darasani, na mara ya pili nilisifiwa, na hadi leo sijui tofauti ya maswali yale mawili. Alicheka, akavua miwani na kuifuta.

Kisha aliniuliza habari za Nareyu. Nikamwambia ameolewa na fundi wa pampu za maji, ana watoto wawili, wanakaa upande wa Endulen.

"Anafurahi?"

Nikamwambia sijamuuliza.

Aprili nilipokwenda nyumbani nilipita kwa Nareyu na kumuuliza. Aliniangalia kama nimesema jambo la kizungu, akacheka sana, akanimiminia maziwa, akaanza kunieleza habari za ndama wake aliyekuwa anaharisha tangu juzi.